Rimu, springi na taa: kubadilisha gari na bado kupita ukaguzi

Mkaguzi hakagui kifaa, anakagua gari. Miradi mingi hukwama hapo hapo. Mtu ananunua springi fupi zenye cheti, ananunua rimu pana zenye cheti, fundi anafunga vyote kwa ustadi, na bado gari linarudishwa. Ukifungua ukurasa wa masharti wa cheti cha springi unakuta zilipimwa gari likiwa na matairi ya kiwandani. Cheti cha rimu nacho kinasema zilipimwa gari likiwa kwenye kimo cha kiwandani. Karatasi zote mbili ni halali, ila hakuna hata moja inayolihusu gari lililosimama juu ya shimo la ukaguzi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji spana. Kabla ya kulipia chochote, omba cheti cha kifaa usome masharti yake. Angalia kwanza aina halisi ya gari na msimbo wake, si jina la biashara tu, maana gari la jina moja huweza kuwa na ekseli za nyuma za aina mbili kutegemea injini. Angalia uzito wa juu wa kila ekseli ambao kifaa kimekubaliwa kuubeba. Kisha tafuta orodha ya mabadiliko mengine yanayokubalika pamoja nacho. Kama springi unazozitaka na rimu unazozitaka hazitajani kwenye karatasi zao, utahitaji ukaguzi wa gari zima. Ongea na mkaguzi kabla ya kununua, si baada.

Nchi hutofautiana, lakini mantiki ni ile ile. Ujerumani, kifungu cha 19 cha kanuni za magari, StVZO, kinasema kibali cha gari kutumika barabarani hukoma badiliko linapogeuza aina ya gari, linapotarajiwa kuhatarisha watu, au linapozidisha moshi au kelele. Kifaa chenye ABE, yaani kibali cha jumla cha kifaa, unakifunga na kutembea na karatasi yake, isipokuwa karatasi yenyewe idai ukaguzi. Chenye Teilegutachten, yaani ripoti ya upimaji wa kifaa, unakifunga kisha unalipeleka gari likaguliwe na kuthibitishwa. Kisicho na karatasi yoyote kinaangukia kifungu cha 21, yaani gari lako moja linapimwa peke yake, na mzigo wa kuthibitisha kila kitu ni wako. Japani wao wanapenda namba: kwa gari dogo la abiria, tofauti na vipimo vya usajili ikivuka sentimita 3 kwa urefu, 2 kwa upana, 4 kwa kimo au kilo 50 kwa uzito, kwa kawaida unaingia kwenye kubadilisha usajili wa muundo. Na sehemu ya chini ya gari isikaribie ardhi kuliko sentimita 9.

Jambo jingine la karatasi ni alama ya E ndani ya duara. Namba iliyo kando ya E ni ya nchi iliyotoa idhini (1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani), wala haisemi kifaa kimetengenezwa wapi. Namba ya muhimu zaidi ni ya kanuni. Balbu nyingi za LED huuzwa zikiwa na E halisi kabisa, lakini ukisoma vizuri unakuta 10R, ambayo ni kanuni ya usumbufu wa mawimbi ya umeme. Imethibitishwa kwamba balbu haitasumbua redio. Kuhusu mwanga wake hakuna aliyethibitisha chochote.

Anza na tairi, rimu ifuate

Wengi huchagua rimu kwa macho kisha wakatafuta tairi la kuivaa. Tunashauri kinyume chake, kwa sababu tairi ndilo linaloamua kipenyo, mzigo na spidi.

Chukua 205/55 R16 91V. 205 ni upana kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hesabu: 16 mara 25.4 ni 406.4; ongeza bavu mbili, 2 × 0.55 × 205 = 225.5, jumla milimita 631.9. Ukienda 225/45 R17 unapata 634.3, tofauti ya asilimia 0.4, haina neno. Ukichukua 225/50 R17 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, unapata 656.8, karibu asilimia 4 zaidi. Geji ikisoma 100, gurudumu linakwenda asilimia 4 zaidi ya zamani. Kanuni R39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu kabisa geji isome chini ya spidi halisi. Inaruhusu isome juu, hadi asilimia 10 ya spidi hiyo pamoja na kilomita 4 kwa saa. Tairi kubwa linakula akiba hiyo, na likiimaliza geji inadanganya upande usiosamehewa.

Namba ya mzigo ndiyo inayosahaulika kuliko zote. 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Kama ekseli ya mbele imeidhinishwa kilo 1,150, kila tairi linahitaji kubeba 575, na hapo tairi la 88 limeshaanguka hata kama lina upana na muundo uliokuwa ukiuota. Herufi ya spidi nayo: T ni 190, H ni 210, V ni 240. Na usivute tairi jembamba juu ya rimu pana kwa ajili ya sura. 225/45 R17 linakubali rimu za upana wa inchi 7 hadi 8.5, ukiliweka kwenye 9, ukingo wa tairi haukai kama ulivyokusudiwa na mkaguzi ataliona akiwa bado amesimama mlangoni.

Sasa rimu. Tuseme ya kiwandani ni 6.5J ET45 na unataka 8J ET35. Namba iliyo kabla ya J ni upana kwa inchi, na ET ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Upana umeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38, nusu yake 19 kila upande. ET imepungua 10, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 10. Ukingo wa nje unatoka milimita 29. Wa ndani unaingia 9. Mtu anayetazama ET peke yake hudhani amesogea sentimita moja tu. Hizo 29 ndizo zinazolitoa tairi nje ya fenda, na sheria za Ulaya na za Japani zote zinataka fenda ifunike tairi kwenye eneo la nyuzi 30 mbele ya kitovu cha gurudumu hadi 50 nyuma yake. Japani tangu 2017 wanavumilia ubavu wa tairi, ile sehemu yenye maandishi, utokeze kidogo chini ya milimita 10. Rimu yenyewe hapana.

Matundu ya bolti: 5×112 na 5×114.3, yaani matundu matano kwenye duara lenye kipenyo hicho kwa milimita, yanafanana kiasi kwamba rimu ya moja inaingia kwenye habu ya nyingine ukiisukuma. Kila tundu limekosea kwa milimita 1.15. Nati haikai katikati ya kiti chake, stadi inapindwa kidogo kila mzunguko, na chuma kinachopindwa mara milioni hukatika bila kutoa taarifa. Tundu la katikati nalo likiwa pana kuliko habu, mfano habu ya 57.1 na rimu ya 66.6, weka ringi ya kati inayojaza nafasi hiyo barabara. Bila ringi usukani hutetemeka ukifika spidi za barabara kuu, na watu hulipia balansi mara tatu wakitafuta kosa lisilokuwepo kwenye balansi.

Nati zenye kiti cha koni na zenye kiti cha mviringo hazibadilishani. Ya mviringo ndani ya koni inagusa kwenye mstari mwembamba tu. Utaikaza hadi toki kamili, kisha italegea. Hesi za bolti zipimwe pia, hasa ukiweka spesa: kanuni ya kazi ni kina kisichopungua kipenyo cha bolti. Kwa bolti ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, huo ni mzunguko mara 8 kwa mkono kutoka hesi iliposhika. Ukihesabu 5, rudisha bolti dukani ukachukue ndefu zaidi. Kaza kwa msalaba kwa toki ya kitabu cha gari, na urudie kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kisha kipimo ambacho gereji nyingi hukiruka. Pakia gari hadi uzito wake wa juu, mifuko ya mchanga inatosha. Pandisha gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia juu ya vipande vya mbao, ili springi za pembe mbili zijikunje na nyingine mbili zinyooke. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili. Halafu badilisha pembe. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto ndani ya fenda na karibu na paipu ya breki. Palipobanwa utapima unene uliobaki. Chini ya milimita 5 usijidanganye.

Springi, na bolti za bushi

Kushusha gari milimita 30 kwa springi zilizoundwa kwa gari hilo si jambo gumu. Kukata springi za zamani kwa mashine ya kukatia ni jambo jingine kabisa: koili iliyokatwa haikai kwenye kikombe chake, na gari likiinuliwa springi inacheza. Hicho ndicho mkaguzi anachokipima kwanza. Anainua gari hadi magurudumu yaning'inie, anashika springi kwa mkono. Ikizunguka au ikitoka kwenye kiti, kazi imeisha. Kwenye koilova, yaani springi na shokapu za kimo kinachorekebishwa, kushusha ringi ya chini kupita alama ya cheti huleta kosa hilo hilo. Cheti huandika kimo kinachoruhusiwa, mara nyingi kama umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda, kwa hiyo pima gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake.

Angalia raba za kuzuia mgongano. Gari likishuka milimita 30, safari ya shokapu imepungua milimita 30, na raba ndefu ya kiwandani sasa inaguswa kwenye kila tuta. Springi nzuri huja na maelekezo ya kuikata raba au kuibadilisha. Fuata kipimo kilichoandikwa. Ukikata zaidi, shokapu inagonga chuma kwa chuma.

Bushi ndizo zinazoharibika kimyakimya. Ndani ya bushi ya mkono wa chini kuna bomba dogo la chuma lililogandishwa na raba. Ukikaza bolti, bomba hilo linabanwa lisizunguke. Mkono unapopanda na kushuka, kinachojipinda ni raba. Fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, mkono umening'inia, ameifanya hali ya kuning'inia kuwa hali ya kupumzika kwa raba. Gari likishuka chini raba imesokotwa tayari kabla haijatembea hata mita moja. Baada ya miezi michache inachanika, na kabla ya hapo gari linakaa juu kuliko lilivyopaswa, upande mmoja ukizidi mwingine. Njia sahihi: funga bolti zote kwa mkono, lishushe gari juu ya rampu magurudumu yakibeba uzito, lisukume juu chini mara kadhaa, ndipo ukaze kwa toki. Alaimenti inafuata, si kabla. Magari yenye kamera nyuma ya kioo cha mbele au rada kwenye bampa huhitaji pia vipimo vyake vipangwe upya, kwa kuwa pembe ya kutazamia imebadilika.

Magari ya zamani kidogo, na pikapu nyingi, yana vali ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganisha ekseli na bodi. Ukishusha bodi, vali inaamini gari limepakiwa. Inaongeza nguvu ya breki za nyuma wakati nyuma ni nyepesi. Ukikanyaga ghafla magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza na gari linageuka. Fimbo hiyo ina marekebisho. Usipoyafanya, umetengeneza hatari ambayo haionekani hadi siku ya mvua.

Taa

Hapa ndipo watu hupoteza ukaguzi kwa pesa ndogo kabisa. Taa ya halojeni imechorwa kuzunguka waya mdogo unaowaka wa H7 au H4, ulio mahali palepale pa kila balbu iliyoidhinishwa kwa kanuni R37. Kioo cha ndani kinaakisi kutoka nukta hiyo. Ukiweka LED, chanzo cha mwanga ni vibao viwili bapa vinavyotazama pembeni; baadhi ya maeneo ya kioo hayapati mwanga na mengine yanapata mwingi, na ule mstari mkali unaotenganisha mwanga na giza unayeyuka. Dereva anahisi anaona zaidi kwa kuwa karibu na gari kunang'aa. Mbali anaona kidogo, na anayekuja mbele haoni kabisa.

Balbu za zenoni zina tatizo hilo pamoja na lingine: D2S hutoa lumeni 3,200 ambapo H7 ya wati 55 hutoa karibu 1,500. Kwa muda mrefu kanuni R48 imedai kwamba taa za chini zenye chanzo kinachozidi lumeni 2,000 ziwe na marekebisho ya kimo ya moja kwa moja na kifaa cha kuziosha. Seti ya zenoni ya kubandika haina lolote kati ya hayo. Kuna mlango halali wa LED, lakini ni mwembamba: Ujerumani tangu 2020 wameruhusu balbu fulani za LED kwenye taa fulani za magari yaliyoorodheshwa kwa jina, na orodha hiyo inahesabu aina ya taa yenyewe, si gari tu.

Hata balbu za kiwandani zinahitaji kupangwa ukishashusha gari. Kwenye kifuniko cha taa au karibu nayo kuna asilimia, mara nyingi 1.0 au 1.2. Asilimia 1 ni kushuka sentimita 10 kila mita 10. Weka gari kwenye sakafu bapa, upepo wa matairi sahihi, dereva au kilo 75 kwenye kiti chake, kitasa cha kurekebishia kwenye sifuri. Kitovu cha taa kikiwa sentimita 75 kutoka chini, mstari wa mwanga kwenye ukuta ulio mita 10 uwe kwenye 65. Magari yenye marekebisho ya moja kwa moja yana kihisi kilichoshikwa na fimbo kwenye ekseli. Kimo kipya kinakidanganya, kwa hiyo badilisha fimbo au panga kihisi kwa mashine.

Vioo kwa ufupi: sheria nyingi zinataka vioo vya mbele pembeni vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Kioo chenyewe kisicho na filamu kinaweza kuwa kwenye 77. Bandika filamu ya 90, na 0.77 × 0.90 ni 69.3. Filamu iliyouzwa kama nyepesi kabisa imekuangusha. Pima kioo kwanza.

Breki kubwa si lazima ziwe breki bora

Kalipa ya pistoni nne inavutia, lakini fanya hesabu. Kalipa ya kuelea yenye pistoni moja ya milimita 54 ina eneo la milimita za mraba 2,290. Kalipa ya pistoni nne inalinganishwa kwa upande mmoja tu, yaani pistoni mbili. Mbili za milimita 38 zina 2,268. Nguvu ya kubana ni ile ile, pedali haibadiliki, hiyo ni jozi nzuri. Pistoni kubwa zaidi zitataka mafuta mengi zaidi na pedali itashuka. Dawa ya watu ni masta silinda kubwa, kutoka 22.2 kwenda 23.8, ambayo huongeza eneo asilimia 15: pedali inakuwa fupi, na mguu unahitaji nguvu asilimia 15 zaidi.

Diski kubwa ya mbele bila kugusa nyuma husogeza kazi mbele. Mbele hufunga mapema, mfumo wa kuzuia kufunga unaingilia mapema, na umbali wa kusimama unaweza kuongezeka. Ndiyo maana mkaguzi mwenye uzoefu huuliza nyuma kuna nini. Pedi ziwe na alama ya 90R, kanuni ya pedi za kubadilishia. Mipira iliyosukwa chuma iwe na alama ya kiwango chake kwenye ncha, ipite pale pale ilipopita ya zamani, na isiguse kitu usukani ukiwa mwisho. Mafuta yabaki aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ya silikoni, DOT 5, hayachanganywi na mengine.

Egzosi na viti

Kelele ya gari lililosimama hupimwa kipaza sauti kikiwa mita 0.5 kutoka mdomo wa egzosi, kwa pembe ya nyuzi 45. Kwa R51 ya sasa, kanuni ya kelele za magari, injini yenye nguvu yake ya juu kati ya mizunguko 5,000 na 7,500 kwa dakika hupimwa kwenye 3,750. Kizibo cha mdomoni kinachotolewa kwa bolti moja hakihesabiki, na wakaguzi wengi hukitoa wenyewe. Ukiwa umechomoa betri kufanya kazi yoyote, tembeza gari siku kadhaa kabla ya ukaguzi: kompyuta imefuta vipimo vyake vya moshi, na mashine itasema haiko tayari.

Viti vya mashindano vinaondoa eabegi ya ubavuni na mara nyingi kivuta mkanda. Kufunga rezista ili taa ya onyo izimike ni udanganyifu unaomkuta abiria, si mkaguzi. Mikanda ya pointi nne bila alama ya R16, kanuni ya mikanda, haipiti kama mbadala wa mkanda wa kiwandani.

Ukishamaliza, andaa gari kwa ukaguzi kama kazi yake yenyewe. Springi zina namba iliyopigwa au kuchapwa kwenye koili. Isafishe, na ukipiga rangi uifunike kwa gundi. Namba isiyosomeka ni springi isiyojulikana, hata cheti kikiwa mkononi. Rimu zina namba yake upande wa ndani wa spoku, kwa hiyo ipigie picha kabla ya kufunga. Chapisha vyeti vyote kamili, pamoja na viambatisho, maana mkaguzi anatafuta ukurasa wa gari lako na ndio wanaousahau watu. Peleka karatasi ya alaimenti ya baada ya kushusha. Chukua pia bolti moja ya akiba ya kila aina, kwa sababu atataka kuona urefu wake bila kufungua gurudumu.